Nilimwandikia Mume Wangu Ugonjwa ili Nimnunulie Saa

Bi Hilma mpendwa,

Naandika haya haraka haraka, kwa hiyo unisamehe mwandiko, na nakuomba usinikatize kwa hasira mpaka ufike mwisho, maana sina mtu mwingine wa kumwambia ila ukurasa wako wa ushauri gazetini. Mimi ni mke wa mtu, napika kwenye shule moja huku kwetu Rasi ya Juu, kaskazini kwenye theluji, upande wa migodi ya zamani ya shaba, na mume wangu nimwite Reino, ambalo si jina lake, ni fundi wa magari ya kusukuma theluji ya wilaya, mtu mwema, hanywi isipokuwa bia moja baada ya sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke wa moto, hajawahi kuniinulia sauti isipokuwa wakati wa mpira, na nimemfanyia jambo ambalo sijui niliite wizi, uongo au uchawi, ila najua kwamba akifa, mimi ndiye nitakuwa nimemuua.

Nianze na bima ili uelewe. Bima yetu ni ile ya kujilipia mwenyewe kwanza mpaka ufike kiwango chao ndipo nao waanze kutoa, na pembeni yake kuna ile akaunti ya akiba ya matibabu, pesa inayokatwa kwenye mshahara wake kabla haijatozwa kodi, na kadi yake iko kwenye droo ya jikoni chini ya mishumaa. Akaunti hiyo kwa Reino haiguswi. Mwaka juzi alijichana kidole gereji, nikasema twende kliniki, akakibandika kwa gundi ya mbao akaendelea kukaza boliti. "Ile pesa ni ya uzeeni, bibie," huniambia. "Tukianza kuichota kwa kila kikohozi, tutazeeka na nini?" Basi inakaa tu inakua, na daktari hajamwona Reino tangu binti yetu alipomaliza shule, na sasa binti huyo ana watoto.

Mwezi wa Desemba mwenzangu wa jikoni, nimwite Darlene, akaja na saa mpya mkononi, zile zinazopima mapigo ya moyo na kuhesabu hatua na kukugombeza ukikaa sana. Nikamuuliza, "Shoga, umeinunua kwa mshahara huu huu wetu?"

"Mshahara gani! Nimelipa kwa kadi ya akiba ya matibabu."

"Lakini saa si dawa, Darlene."

"Inakuwa dawa daktari akisema ni dawa. Unaingia mtandaoni, unajibu maswali, kuna daktari sijui yuko Florida sijui wapi, anakuandikia barua kwamba unaihitaji kwa sababu ya ugonjwa wako, basi imekwisha. Kila mtu anafanya."

"Na kama huna ugonjwa?"

"Kwa umri huu? Nani hana ugonjwa?"

Tukacheka, Bi Hilma, na ningeishia kucheka tu, lakini Krismasi ilikuwa inakaribia, na akaunti ya nyumbani Reino huiangalia kila wiki wakati ile ya matibabu haiangalii kamwe, nikajiambia nimpe mara moja maishani zawadi ambayo si soksi. Nikakaa na simu nikajaza maswali kwa jina lake, maana akaunti ni yake, wakaniuliza je, unaishiwa pumzi ukipanda ngazi, je, kifua hubana ukifanya kazi nzito, je, unalala vizuri zaidi ukiwa umeegemea kuliko ukilala chali, je, umeacha mambo uliyokuwa ukiyafanya bila shida, je, kuna mtu kwenu aliyekufa kwa moyo. Hilo la mwisho ndilo pekee lililokuwa la kweli, kwa sababu baba yake alianguka mbele ya gereji akiwa na beleshi mkononi, kwa umri ule ule ambao Reino ataufikia mwezi wa tatu. Mengine niliyajaza tu, ndiyo, ndiyo, ndiyo, haraka haraka, wala sikuhitaji kufikiri. Barua ya daktari ilirudi kabla kahawa yangu haijapoa, nikatoa kadi kwenye droo nikanunua saa.

Nikamwambia Reino ameshinda saa kwenye bahati nasibu ya kanisa. Nilikosea hapo pia, maana Jumapili iliyofuata, kwenye kahawa ya baada ya ibada, alimwendea mke wa mchungaji akamshika mkono kwa mikono miwili akamshukuru kwa bahati nasibu. Hakukuwa na bahati nasibu yoyote. Mke wa mchungaji aliitazama saa, akanitazama mimi, akasema, "Basi imekwenda kwa anayestahili," akamwongezea kahawa na kipande cha mkate wa iliki. Huku kwetu hakuna mtu anayeuliza swali la pili, unajua mwenyewe.

Ungemwona alivyoipenda. Simu yake ni ile ya kukunja, haiwezi kusomana na saa, kwa hiyo saa, ambayo ina laini yake yenyewe, nimeiunganisha na simu yangu, ujumbe wake hunifikia hata nikiwa kazini, na yeye kazi yake ni kubishana nayo. Asubuhi akiwa ameketi kwenye kigoda cha gereji avae buti, saa inamtingisha mkono ikiandika "simama", naye anaiambia, "Kasimame wewe." Akienda kutoa theluji kwenye njia ya gari, katikati anaegemea beleshi kusikiliza redio ya jirani, saa inadhani amemaliza kazi inampongeza, anacheka peke yake. Chaja nimeiweka karibu na kile kiti cha kuegemea sebuleni, maana tangu vuli analala hapo kwa ajili ya mgongo, na mbwa wetu mzee ambaye alikuwa akimbeba kumpandisha chumbani sasa analala hapo chini naye, wamekuwa kama wazee wawili wa hotelini. Nilifurahi, Bi Hilma, nilisema hata kama nimekosa, nimekosa kwa jambo jema.

Halafu wiki tatu zilizopita nikiwa nagawa pasti, yale maandazi ya nyama, kwa watoto, simu ikatingishika mfukoni, nikaisoma nyuma ya mlango wa stoo. Ilisema mapigo ya moyo ya mvaaji yameonekana kutokuwa na mpangilio, tafadhali ongea na daktari. Nikampigia kazini hapo hapo, nikasikia nyundo inatua chini, nikamuuliza uko wapi.

"Chini ya gari, nitakuwa wapi?"

"Unajisikiaje?"

"Najisikia mtu aliyetolewa chini ya gari kwa swali la kijinga. Kuna nini, bibie, umeunguza kitu?"

Nikasema hapana, nilitaka kujua tu, akasema ananipenda pia, akakata. Ujumbe umerudi tena na tena tangu siku hiyo. Kila ukija naufuta. Yeye hajui, kwake saa ni ya kumgombeza tu, na sasa simu ikitingishika hata kama ni binti yangu ananitumia picha ya wajukuu, naificha chini ya aproni kabla sijaisoma.

Sasa sikiliza hofu yangu. Nikimwambia Reino, itabidi aende kwa daktari, na daktari atauliza mbona kuna barua inayosema ulikuwa na dalili hizi tangu Desemba, naye atasema barua gani, na pale pale atajua kwamba nimechota pesa ya uzeeni, nimejifanya yeye, na nimemfanya amshukuru mke wa mchungaji kwa uongo. Watu wa kodi nao watakuja, na jina lililoko kwenye akaunti ni lake si langu, ataitwa mwizi na wilaya itamfukuza. Hayo ni ya mchana. Usiku nikiwa peke yangu nina hofu nyingine, usinicheke. Bibi yangu alikuwa hakubali mtu ataje ugonjwa na jina la mtu wa nyumbani kwa pamoja, alikuwa anatupiga vidole kwa kijiko, anasema mnauita. Mimi sikuutaja tu, niliuandika, kwa jina lake kamili na tarehe yake ya kuzaliwa. Alikuwa mzima mpaka nilipoandika.

Na kila Jumamosi ni sauna. Anaingia na kaka yake, nimwite Wes, wanamwaga maji kwenye mawe ya moto mpaka ukuta unalia, kisha wanatoka mbio kwenda kwenye tundu walilokata kwenye barafu ya ziwa, wanazama, wanarudi, wanarudia. Saa anaivua, anaitundika kwenye msumari wa mlangoni. Jumamosi iliyopita nilisimama dirishani jikoni mchana wote nikiwatazama, na mara ya pili Wes alikimbia ziwani peke yake. Reino aliketi kwenye ngazi ya sauna na taulo begani, theluji inamwangukia kwenye magoti, mpaka Wes akarudi kumwita. Baadaye nikamuuliza alikuwa anafanya nini, akasema alikuwa anatazama ziwa. Ziwa hilo amelitazama tangu azaliwe.

Nifanye nini? Nizime ujumbe, niuze saa, ninyamaze, labda moyo utarudi wenyewe nikiirudisha ile pesa? Nakuomba ukichapa barua hii ubadilishe kila kitu, maana Reino husoma ukurasa wako kila Ijumaa asubuhi kwenye kahawa, kwa sauti, anaigiza na sauti za watu, ananiambia, "Sikiliza huyu naye, bibie, ana akili kweli?"

Mwenye Mkono Mchafu,
Upande wa Shaba

*

Mama wee, Mkono Mchafu, kaa chini. Vuta pumzi. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na kama ungeweka namba ya simu nisingengoja gazeti, ningekupigia na aproni yangu kiunoni. Hukuweka. Basi tutazungumza hapa mbele za watu, na itabidi univumilie.

Nianze na bibi yako, Mungu amrehemu, na kijiko chake. Moyo hausomi barua za Florida. Kama ugonjwa ungekuja kwa kuandikwa, mimi niliyeandika ukurasa huu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi ningekuwa nimeumaliza mji mzima. Hukumroga mtu. Hilo liweke chini sasa hivi, una mengine ya kubeba.

Pesa. Hapo nakugombeza, tena kwa haki. Ile akaunti si mfuko wa Krismasi, na ile barua uliyoipata kabla kahawa haijapoa ni barua ya mtu ambaye hajawahi kumsikiliza mumeo kifua. Uliweka jina la mtu mzima mwenye akili zake bila kumuuliza. Hiyo ni aibu, na Darlene mwambie nina lake pia. Lakini umeikuza mpaka imekuwa jela, na si jela. Pigia simu benki inayotunza akaunti, sema pesa imetoka kwa jambo lisilostahili, uliza kama wanaipokea ikirudishwa. Wakikataa, mwambie ukweli mtu anayewajazia kodi, mtalipa kodi ya pesa hiyo na faini juu yake, utanuna wiki mbili kisha utaendelea kupika. Mimi si mtu wa kodi, muulize aliyesomea. Ila wilaya haimfukuzi fundi wa magari ya theluji mwezi wa pili kwa sababu ya saa, hata kama ameiba kanisa.

Na daktari? Unadhani daktari wa huku kwetu hajaona mke aliyejibu maswali badala ya mumewe? Wanaume wa huku wangekuwa wamekwisha wote kama si wake wanaowajibia. Sema hivi: "Ile barua niliijaza mimi, yeye hakujua, na saa imekuwa ikisema moyo hauendi sawa." Mwonyeshe simu. Saa inaweza kukosea, nayo inakosea mara nyingi tu, ndiyo maana kuna daktari. Lakini wewe umefuta ujumbe wiki tatu, mama. Wiki tatu! Hilo ndilo linalonitia hasira kuliko Krismasi yote. Ulinunua kitu cha kupiga kelele, kilipopiga kelele ukakiziba mdomo.

Sasa njoo karibu, maana hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Unasema uliandika uongo. Nimeichukua barua yako nikaisoma tena taratibu, na nataka uisome nami.

Uliulizwa kama anaishiwa pumzi, ukaandika ndiyo. Kisha unaniambia mimi kwamba mwanamume huyu anaketi kwenye kigoda kuvaa buti. Uliulizwa kuhusu kifua na kazi nzito, ukaandika ndiyo, halafu unaniambia anasimama katikati ya njia ya gari kusikiliza redio ya jirani. Redio gani hiyo, kwenye baridi hii, madirisha ya watu yakiwa yamefungwa kwa plastiki? Uliulizwa kama analala vizuri akiegemea, na tangu vuli yuko kwenye kiti anasema ni mgongo. Mambo aliyoacha, mbwa wako analijua hilo vizuri kuliko daktari wa Florida, maana ndiye asiyebebwa tena.

Unaona? Unasema ulijibu haraka na hukuhitaji kufikiri. Mwongo hufikiri, mwanangu. Wewe hukufikiri kwa sababu majibu ulikuwa nayo tayari, ulikuwa unayaona kila siku, unayacheka, unayaita hoteli ya wazee. Mume wako anaukaribia umri aliouishia baba yake, naye hataki kutaja, nawe hutaki kutaja, na nyumba nzima imejaa visingizio. Ulikuwa na dunia nzima ya zawadi, glavu, kisu cha kuvulia samaki, kofia. Ukaenda kuchagua kitu kinachokaa kwenye mshipa wa mkono kikisikiliza moyo. Hofu yako ilikuwepo kabla ya saa. Ulitafuta tu mtu wa kuiona pamoja nawe, na kwa kuwa mtu hukupata, ukanunua mashine.

Kosa lako ni kwamba ukweli huo ulimwambia daktari usiyemjua kabla ya kumwambia mwenye moyo.

Basi utafanya hivi. Leo, si Jumatatu, unapiga simu kliniki unasema mapigo hayana mpangilio, na baba yake alikufa kwa moyo, na anaishiwa pumzi. Watakupa nafasi, na wakikuambia mwende hospitali moja kwa moja, mnakwenda. Kifua kikimbana, akizimia, akishindwa kuongea sawasawa, hupigi kliniki wala hunipigii mimi, unaita gari la wagonjwa, wala usijaribu kumwendesha mwenyewe kwenye theluji. Sauna hakuna mpaka daktari aseme, na ziwa ndiyo kabisa. Wes akilalamika, mtume kwangu, nilimjua alipokuwa na meno ya maziwa, kama ndiye ninayemdhania.

Mwisho, umeniomba nibadilishe kila kitu. Majina ulikuwa umekwisha kuyabadilisha mwenyewe, na kigoda, mbwa, saa, mke wa mchungaji na ngazi ya sauna nimeviacha kama vilivyo. Utanikasirikia. Lakini nimeisoma mara mbili ile sehemu yako ya Ijumaa asubuhi na kahawa, na mimi ni mzee, si mjinga. Mke asiyetaka mumewe ajue haandiki siri yake kwenye ukurasa ambao mumewe anausoma kwa sauti. Ulishindwa kumwambia, ukatafuta mdomo wake mwenyewe umwambie. Sawa. Nimekubali kazi.

Kwa hiyo wewe, Reino ambaye si Reino. Najua umefika hapa, na najua kwamba ulipofika kwenye habari ya kile kigoda uliacha kuigiza sauti. Weka kikombe chini. Sehemu iliyobaki isome kimya.

Hiyo pesa ni ya uzeeni, umesema. Vizuri. Basi hakikisha unafika. Hasira juu ya saa unayo haki nayo, iweke, utakuja kuitumia wiki ijayo, nitakusaidia hata mimi. Leo una kazi nyingine. Baba yako hakuwa na mtu dirishani. Wewe unaye, alisimama hapo mchana kutwa Jumamosi, na sasa hivi yuko mbele yako, anajifanya anakata mkate wa iliki, hajui auweke wapi mkono. Usimuulize kwa nini. Ulikuwa hutazami ziwa, Reino, na yeye alijua.

Mpigie Wes umwambie kesho asiwashe jiko la sauna kwa ajili yako. Kisha nenda gereji, keti kwenye kigoda uvae buti, chukua muda wako wote. Ukimaliza, mpe yeye funguo za gari.